Figa Lililozitia Nyota Chumvi

Ukitaka kuchekwa huku kwetu Bura, huna haja ya kulewa wala kuteleza kwenye matope ukiwa na nguo za kanisani. Gundua jambo kuhusu nyota, watangazie watu, halafu urudi kuwaambia hukugundua. Mimi nimefanya hivyo. Naitwa Jedidah, binti ya Mwandawiro, na kisa hiki nakisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakikisimulia vibaya. Ndugu yangu Danson, kwa mfano, husema niligundua mabati. Sikugundua mabati. Niligundua bati, na hata hilo sikuligundua.

Acha nieleze kazi yenyewe sasa hivi, tumalizane nayo. Bati, fedha, dhahabu, risasi, madini yote mazito, hayakuwepo ulimwengu ulipoanza. Yalipikwa ndani ya nyota. Katikati ya kila atomi kuna kiini. Kiini hicho kikiwa ndani ya nyota kongwe kinameza chembe ndogo iitwayo nyutroni, kinatulia, kinameza nyingine, kinatulia tena, na kwa kumeza huko pole pole chuma hufika kuwa bati, na bati likaendelea na safari mpaka risasi. Sasa ukitaka kujua nyota inapika vipi, lazima ujue kiini cha kila kitu kina uroho kiasi gani. Uroho huo hauonekani kwa kutazama juu. Unapimwa huku chini, ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mtu asiye na la maana zaidi la kufanya.

Mtu huyo nilikuwa mimi, katika maabara moja ya Ujerumani. Nililipiga bati kwa nyutroni, kisha nikaliweka mbele ya mashine na kukaa nikisubiri. Kila kiini kilichomeza hutoa mionzi kidogo, na mashine ikiisikia inaongeza moja kwenye hesabu yake. Basi, hiyo ndiyo sayansi niliyoiacha milima ya Taita kwenda kuifanya. Wasichana niliosoma nao walikuwa wamejenga, wamezaa, wengine wamekuwa walimu wakuu na sauti zao zinatetemesha watoto. Mimi nilikuwa na kipande cha bati, na nilikuwa nakilinda kuliko wao walivyolinda waume zao.

Kitu kingine nilichokuwa nacho kilitoka kwa Nyanya Wakio, mama yake baba. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hivyo nyanya ndiye aliyenilea, akanifundisha kupika, kusali na kujibu watu vibaya. Siku niliyoondoka aliingia jikoni na shoka, akapiga figa moja la jiko lake, akaniletea kipande cha ukubwa wa yai la kuku. Akaniambia niende nacho. Sijui kama hiyo ni mila ya Wadawida, watu wetu wa Taita, au ni mila ya Nyanya Wakio peke yake, maana nimeuliza watu wengi na wote wananitazama tu. Nilikipokea, nikavuka nacho bahari.

Mwaka wa 1979, siku za baridi zikianza, bati langu lilianza kuonyesha maajabu. Hesabu zilikuja juu kuliko zilivyoandikwa na wanasayansi wote waliopima kabla yangu. Nilipima tena, zikaja juu. Nikapima tena nikiwa nimefunga na kuomba, zikaja juu vile vile. Maana yake ilikuwa kwamba bati lina uroho mkubwa kuliko dunia ilivyodhani, na kwamba ndani ya nyota linapita mbio kwenda kuwa madini mazito zaidi. Profesa wetu, mzee ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, siku hiyo niliyaona. Alisema tusubiri kidogo kabla ya kutangaza.

Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nilipiga simu Voi.

Danson alikuwa karani katika stesheni ya reli, na stesheni ilikuwa na simu. Nilimpigia kelele kwenye waya mpaka Wajerumani wakafungua milango kuangalia kama kuna moto. Nikamwambia dada yake amegundua siri ya nyota, amewashinda Wazungu wote, aende akamwambie baba. Danson alienda. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa na anapenda kusimama mbele ya watu kuliko kula, alilitangaza Jumapili iliyofuata. Kufika hapo habari ilikuwa imeshanenepa. Watu walielewa kwamba binti ya Mwandawiro amegundua nyota zinavyotengeneza mabati, na swali lililojadiliwa nje ya kanisa lilikuwa kama shehena ya kwanza itaezeka kanisa au zahanati.

Huku nyuma mimi nikapata mafua. Mafua yenyewe ya kawaida, ya kulala na chai ya tangawizi, lakini ndiyo yaliyonimaliza. Mwenzangu wa maabara, msichana wa Kijerumani mpole ambaye sikumpenda kwa sababu ya upole wake, alipima bati badala yangu. Akapata hesabu za kawaida kabisa, zile zile za miaka yote. Nikapona, nikarudi, nikapima mimi: zikapanda. Akapima yeye: zikashuka. Nilimwambia hajui kuweka bati mahali pake. Akasema kwa upole wake kwamba labda. Nikamwambia labda ya nini, sema kama una la kusema! Jamani, nilimfokea binti wa watu bila kosa lolote, na kwa Kijerumani kibovu.

Profesa alikuja. Akaondoa bati lote, akaniambia nisimame kando ya mashine. Mashine ikaanza kuhesabu kwa bidii, na mbele yake hakuna kitu. Akaniambia nitoke nje. Ikatulia. Akaniita ndani. Ikaamka. Waliniingiza na kunitoa hivyo kama mbuzi anayekataa zizi, mpaka profesa akaniomba nivue koti langu jeupe la kazi. Wakaliweka koti peke yake mbele ya mashine, nayo ikahesabu kwa furaha. Wakatoa vitu mfukoni kimoja kimoja: kitambaa, kichana, peremende, na kipande cha figa la Nyanya Wakio. Figa ndilo lililokuwa likihesabiwa.

Ni jambo rahisi, na ndiyo sababu linaudhi. Kabla ya kuhesabu bati, unahesabu chumba kitupu, kwa sababu hata kuta zina mionzi yake kidogo, kisha hesabu hiyo unaitoa. Chumba kitupu alikuwa akikihesabu mwenzangu siku za Jumapili, mimi nikiwa kanisani naimba. Bati nilikuwa nikilihesabu mimi, jiwe likiwa mfukoni, nimekaa karibu na mashine kama kuku anayeatamia. Jiwe lenyewe lilikuwa na toriamu, madini mazito kuliko risasi, yanayopikwa nyota zinapolipuka. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Akasema watu wote humu ndani wanatafuta kitu kilichopikwa na nyota, na mimi nimekuja nacho kutoka jikoni. Nilitamani kumpiga nalo.

Waliliweka jiwe ndani ya sanduku la risasi, madini yanayozuia mionzi, na ugunduzi wangu ukafutwa. Tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi ilikuwa imeshakatwa. Sikupiga simu tena. Nilijiambia mambo kama haya hayasemwi kwenye waya, lakini ukweli ni kwamba niliona haya.

Danson alinipokea stesheni ya Voi akiwa amefunga tai. Joto la Voi na tai! Hapo hapo, abiria wengine bado wanateremsha mizigo, nikamwambia, "Danson, sikugundua kitu. Nilikosea."

"Punguza sauti," akasema.

"Nimesema nilikosea."

"Nimesikia. Na mimi nakwambia punguza sauti. Ng'ombe ameshafungwa."

Kumbe kulikuwa na sherehe. Jumapili, baada ya ibada, shukrani kwa ajili ya Daktari Jedidah. Kwaya ya kanisa, inayoongozwa na Penina, ilikuwa imetunga wimbo kuhusu nyota. Dume zima la ng'ombe lilikuwa limefungwa nyuma ya nyumba yetu likila nyasi za kuagana. Danson alinipakia kwenye pikapu ya rafiki yake iliyokuwa ikirudi kutoka kushusha kabeji, na njia nzima rafiki huyo alipiga honi. Tulipofika Mraru kulikuwa na watu waliosimama kando ya barabara wakinipungia mikono, nami nikawapungia, maana ungefanya nini?

"Kuna jambo lingine," Danson akasema tulipoanza kupanda milima. "Nyanya."

"Nyanya ana nini?"

"Nyanya anasema ni jiwe lake."

"Jiwe lake limefanya nini?"

"Limekuongoza. Amewaambia watu wote kwamba alikupa jiwe, na jiwe ndilo lililokuonyesha. Sasa akina mama wenye watoto wa mitihani wanakuja kwake kuomba vipande. Figa lile la kwanza limeisha. La pili limebaki kama ngumi. Anapikia kwa jirani."

Niliangalia migomba ikipita.

Nilimkuta baba uani akikata kuni kwa ajili ya sherehe yangu. Nilimsalimu, nikamvuta pembeni, nikamwambia yote, bati, mafua, koti, jiwe. Alinisikiliza akiwa ameegemea shoka. Nilipomaliza akauliza, "Huwezi kurekebisha? Jumapili bado."

"Baba, hili si gauni la kurekebishwa."

"Mimi nimesimama mbele ya watu, Jedidah."

"Najua umesimama. Mimi nitasimama mbele yao pia, niwaambie ukweli."

Aliliweka shoka chini. Halafu sauti yake ikabadilika, na baba yangu si mtu wa kubadilisha sauti. Aliniambia kwamba tangu mvua za Aprili nyanya alikuwa kitandani. Hakuwa na ugonjwa wenye jina. Alikuwa ameacha kula, ameacha kuuliza habari za watu, amegeukia ukuta. Walikuwa wameanza kunong'ona kuhusu mahali pa kuchimba. Kisha Danson akaja na habari ya simu, na bibi yule akaketi, akaomba uji, akaomba fimbo. "Mama anatembea kwa sababu ya jiwe hilo," baba akasema. "Waambie watu ulikosea ukipenda. Mimi nitameza aibu yangu. Lakini ukimwambia jiwe lake ndilo lililoharibu kazi yako, utakuwa umemlaza tena, na safari hii haamki."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu hakuna mtu aliyeniambia kwamba nyanya alikuwa amelala miezi yote hiyo. Kila nilipopiga simu waliniambia nyanya yuko sawa. Nami niliwaambia niko sawa. Tulikuwa familia ya watu walio sawa.

Nyanya alinikuta mlangoni kabla sijabisha. Alikuwa amepungua, mikono imebaki mifupa na mishipa, lakini macho yalikuwa yanang'aa na kinywa kilikuwa kile kile. "Umekonda," akasema. "Hao watu hawali?"

"Wanakula, nyanya. Niko sawa."

"Wewe uko sawa na shingo imekuwa hivyo? Ingia." Akanikalisha, akanipa kimanga, ule muhogo na maharage yaliyopondwa pamoja ambao nilikuwa nimeuota Ujerumani mpaka nikaamka nikitafuna. Nikala. Akina mama waliingia na kutoka kunitazama, na kila mmoja aliyeingia nyanya alimwambia, "Ndiye huyu. Na jiwe ni langu." Nilimeza kimanga na maneno yangu pamoja. Bibi yangu alikuwa hai na alikuwa anaringa, na mimi ndiye nilikuwa na uwezo wa kumlaza. Niliogopa kumwangalia usoni.

Basi nikapanga mpango. Ukiona mtu wa sayansi anapanga mpango kuhusu watu, kimbia. Nilipanga kusema kanisani kwamba ugunduzi haukuwa wa kweli, ili niwe nimesema ukweli, lakini niseme mashine ilikuwa na kasoro, ili jiwe lisitajwe. Ukweli robo tatu, yaani. Nilijiona mwerevu sana.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Nyanya aliketishwa mbele, amevaa leso mpya, fimbo mkononi. Mchungaji akanikaribisha, akaniita mwanga wa milima yetu. Nikasimama nikaomba maji kwanza, mimi ambaye nimesoma makala mbele ya maprofesa bila hata kunywa maji.

Nikasema, "Ndugu zangu, asanteni. Lakini niwe mkweli. Niliyoyatangaza hayakuwa sahihi. Mashine yetu ilikuwa na kasoro. Hakuna kilichogunduliwa."

Wakapiga makofi. Haki ya nani, wakapiga makofi! Mtu nyuma akasema tazameni unyenyekevu. Nikarudia, kwa sauti kubwa, kwamba sikugundua kitu. Makofi yakaongezeka. Mchungaji akafuta jicho.

Hapo nyanya akagonga fimbo sakafuni, kanisa likanyamaza.

"Mashine ilikuwa nzima ulipopiga simu," akasema. "Imeharibika lini?"

"Ilikuwa imeharibika tangu mwanzo, nyanya."

"Nani alikwambia imeharibika?"

"Profesa."

"Mzungu."

"Ndiyo, nyanya, lakini…"

"Basi mmesikia," akawageukia watu. "Amegundua, wao wakamwambia mashine imeharibika. Kesho watagundua wao. Wamemwibia mtoto!"

Mungu wangu. Umewahi kusikia nyuki wakichokozwa? Kanisa lote lilivuma. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mkonge akasimama akasema Wazungu ndivyo walivyo, na yeye ana ushahidi. Penina akasema kwaya iko tayari kuandamana, ingawa hakusema kuandamana kwenda wapi. Baba, aliyejua ukweli wote, aliketi akisoma Biblia yake ambayo ilikuwa juu chini. Mchungaji akainua mikono, akaanza kuomba kwamba wote waliokula jasho la binti huyu wasipate usingizi, wala wao wala watoto wao. Nikamwona akilini profesa wangu, mzee wa watu, na wajukuu wake ambao picha zao alinionyesha. Nikamwona yule msichana mpole niliyemfokea. Watu walikuwa wakisema amina.

"Basi!" nikapiga kelele, katikati ya maombi. "Si Wajerumani! Hakuna aliyeniibia! Ni jiwe!"

Mchungaji akabaki na mikono juu.

Sikuwa na njia ya kurudi, kwa hivyo nikasema yote. Nikawaambia jinsi mashine inavyohesabu, na kwamba ndani ya kipande cha figa kulikuwa na madini yanayotoa mionzi, na kwamba nilikuwa nakaa nacho karibu na mashine, ikakihesabu pamoja na bati. Nikasema hesabu ilikuwa ya uongo kwa sababu hiyo na si nyingine. Niliyasema nikiutazama ukuta wa nyuma. Kisha nikalazimika kumwangalia nyanya.

Alikuwa ameinama kidogo, mikono miwili juu ya fimbo. Nikafikiri, basi, nimemlaza. Nimesoma nikavuka bahari ili nirudi kumlaza bibi yangu mbele ya kanisa.

"Jiwe langu," akasema.

"Ndiyo, nyanya."

"Ndilo lililoharibu."

"Ndiyo."

"Lilikuwa wapi hasa?"

"Mfukoni."

"Mfuko gani?"

"Wa koti la kazi."

"Siku hiyo ulisahau ukalibeba."

"Hapana, nyanya. Nilikuwa nalibeba kila siku."

Akainua kichwa. "Kila siku?"

"Tangu nilipofika."

"Jedidah," akasema, na sasa hakuwa akizungumza na kanisa, alikuwa akizungumza na mimi peke yangu, kama tuko jikoni. "Lile jiwe nilikupa uliweke chini ya kitanda. Ni la kulalia, mtu apate usingizi ugenini. Asubuhi unaliacha, unaenda kazini. Kwa nini ulikuwa unatembea nalo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kuanguka kwake, na nilikuwa nimeshapanga ni nani angembeba. Swali hilo sikuwa nimeliandaa. Profesa alikuwa ameniuliza jiwe limetoka wapi, lina uzito gani, lina madini gani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa nini mwanamke mzima anatembea na jiwe mfukoni.

"Nilikuwa nalishika," nikasema.

"Unalishika kwa nini?"

"Nilikuwa mpweke, nyanya. Sikuwa na mtu. Siku nyingine sikuzungumza na mtu yeyote kutoka asubuhi mpaka nilale. Nikilishika nilikuwa naona kama…" Sikumaliza. Mwanga wa milima alilia pale mbele, na makamasi juu, mbele ya mchungaji na kwaya na wanafunzi wa mitihani waliokuja kuona mtu aliyefaulu.

Nyanya hakuniangalia. Alimgeukia baba. "Mwandawiro. Uliniambia mtoto yuko sawa."

"Alisema yuko sawa, mama," baba akasema, na sauti ilikuwa ya mvulana.

"Na yeye mlimwambia mimi niko sawa?"

Baba akaigeuza Biblia yake ikae sawa. Danson akaitazama tai yake.

Nyanya akasimama. Watu walitaka kumshika, akawafukuza kwa fimbo. Alikuja mwenyewe mpaka mbele, pole pole, akipumzika kila baada ya benchi, na hakuna aliyethubutu kuketi wala kusimama. Alipofika alinishika mkono wa gauni, akamwambia mchungaji, "Wewe, shusha mikono. Hayo maombi ya Wazungu yafute, hawana kosa. Ng'ombe achinjwe."

Mchungaji akauliza kwa upole, sherehe itakuwa ya nini sasa, kama hakuna ugunduzi.

"Mtoto alikuwa amepotea huko miaka yote, na hapa hakuna aliyejua," nyanya akasema. "Amerudi. Hamwezi kula ng'ombe kwa ajili ya hilo?"

Penina, ambaye hakuwa na wimbo mwingine ulioandaliwa, akaanzisha ule wa nyota, na watu wakaupokea. Nilitaka kurudi kwenye benchi nikatafute kitambaa cha kujifutia, lakini nyanya hakuniachia mkono wa gauni. Alikuwa akiimba kwa nguvu, maneno hayajui, na ameshika kitambaa kile cha gauni kwa vidole vyake vyote.